Kimya cha Balozi Kirmani

Jumanne, 18 Agosti 1998

Nimepata! Dk. Naicker, msimamizi wangu chuoni, kaniita ofisini, hata kiti hakunikaribisha, akaniambia gazeti la asubuhi limekubali. Watatoa kipande cha sura yangu ya tano katika wiki ya mkutano, marais wote wa nchi zisizofungamana na upande wowote wakiwa hapa hapa Durban. Na jina langu juu yake! Kisha akasema, kama anayepita tu, kwamba kikipokelewa vizuri ile nafasi ya utafiti ya mwakani ni yangu. Nisipoipata, kibali changu cha kukaa hapa kinakwisha Desemba na narudi Tanga kwa kaka, nikahesabiwe matonge na mkewe.

Nilishuka ngazi nacheka peke yangu. Kufika kwenye robot, taa za barabarani pale chini, kicheko kikakatika. Sura ya tano. Katika sura zote — ya tano!

Naandika tasnifu huu mwaka wa pili juu ya mtu mmoja, Balozi Mubashir Kirmani wa Pakistani. Ujana wake wote kaumalizia Geneva akisihi kwamba kwao na kwa jirani yao India kusiwe na bomu la nyuklia. Maandishi yake ndiyo yaliyonitia katika somo hili. Mwezi wa tano India wakalipua yao, Pakistani nao wakalipua yao. Mwezi wa sita Balozi akasimama Geneva kuitetea serikali yake, tai shingoni, bila kugugumia. Sura ya tano inasema hakuamini hata neno moja la hotuba ile. Nasema hivyo kwa sababu aliniambia mwenyewe, miezi minne kabla, kwa kinywa chake.

Je, ameridhia iandikwe? Hapo ndipo penye mwiba. Nilimtumia sura nzima kwa faksi mwezi huo huo wa sita. Chini niliandika kwamba nisiposikia neno hadi katikati ya Julai, nitajua ameridhia. Sikusikia neno. Basi ameridhia.

Nimeisoma tena hiyo "basi". Haijakaa sawa.

Alhamisi, 20 Agosti

Anakuja! Dk. Naicker kaambiwa na rafiki yake wa wizarani. Kirmani yumo kwenye msafara wa Pakistani. Mama huyu kafurahi mpaka kapiga meza — eti gazeti litapenda zaidi. Mimi nimerudi nyumbani nikajifunika blanketi.

Antoinette anasema nina homa. Tunapanga pamoja chumba hapa Overport, yeye kazi yake duka la simu mjini. Ana lake zito kuliko langu. Vita vimerudi kwao Kongo na simu za Bukavu haziingii, dada yake hajulikani alipo. Bado alinichemshia tangawizi. Nilimweleza habari ya Balozi, akacheka.

"Sasa weye unaogopa nini? Ulimuuliza, akanyamaza. Njo ivo!"

Njo ivo. Ndivyo nilivyojiambia na mimi.

Jumapili, 23 Agosti

Siku nzima namkumbuka alivyokuwa Februari. Alikuja chuoni kwenye kongamano, kusikia jinsi nchi hii ilivyoyabomoa mabomu yake yenyewe. Nikapewa kazi ya kumtembeza. Ufukweni hakutaka. Alitaka bandarini. Tukanunua mkate uliochimbwa ukajazwa mchuzi wa maharage, tukakaa tukiangalia makontena yakinyanyuliwa. Alijimwagia mchuzi kwenye tai akasema mkewe angekuwa hai angemtenga wiki nzima.

Nikamuuliza, je, wakilipua? Alikawia kujibu. Alisema siku watakayolipua watashangilia wiki moja, na kazi yake ya maisha itakuwa imekufa. "Na mimi ndiye nitakayetumwa kuizika kwa maneno mazuri." Nilimsikia barabara, na sentensi hiyo ndiyo iliyobeba sura ya tano. Hakusema hili libaki kati yetu. Mimi sikuuliza.

Na ni siku ile ile aliyonifundisha kanuni ya ukimya ya wanadiplomasia. Mwenyekiti huzungusha waraka, akataja siku na saa. Saa ikipita, aliyenyamaza ameridhia. Nilimwambia kwetu tunayo hiyo toka zamani, tunaozeshea wanawake! Akacheka mpaka akakohoa.

Sikumwambia mimi ndiye niliyeozwa hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimefunikwa kanga chumba cha ndani, wakili anauliza mlangoni mara tatu. Sikujibu. Bibi akasema, "Kanyamaza, karidhika," vigelegele vikapigwa. Sikuwa nimeridhika. Nilikuwa naogopa. Ndoa yenyewe ilinipa kovu la mkono na talaka.

Basi mimi, katika watu wote, nikakaa nikamwandikia mtu kwamba kimya chake nitakihesabu ndiyo. Ajabu ya Mungu.

Jumatano, 26 Agosti

Balozi amepiga simu! Namba ya duka la simu niliiandika kwenye faksi. Antoinette alitoka mbio mpaka maktaba ya jirani kuniita, kaacha wateja wanapiga kelele.

Aliniuliza mama yangu hajambo. Aliniuliza kuhusu Dar, kama bomu la ubalozi wa Marekani mwanzoni mwa mwezi limemgusa mtu wetu. Nikamwambia binamu alikatwa na vioo, anaendelea. Akasema anaomba dua. Kafikia Overport, kwa rafiki yake wa zamani, mfanyabiashara wa vitambaa. Niende Ijumaa baada ya swala nile nao.

Juu ya sura, hata herufi. Na mimi mwenye ulimi sikuuliza! Nilisema, "Inshallah, Balozi." Nikakata simu nikajiona mjinga kuliko mbuzi.

Antoinette: "Hakusema kitu?"

Hakusema.

"Eish. Ule mzee anajua kunyamaza."

Ijumaa, 28 Agosti

Niandike kabla halijapotea.

Nyumba ni ile ya geti la kijani, mtaa wa tatu tu kutoka kwetu. Mke wa mwenyeji kanipokea kama mwanawe, kanijazia biriani mpaka sahani ikalemewa. Balozi amekonda. Shingo inacheza ndani ya kola. Wali hakugusa, alikunywa chai tu. Wenyeji walipotoka kidogo kupeleka vyombo, nikaona ama sasa ama kamwe. Nikamuuliza kama ile faksi aliipata.

Akasema aliipata. Aliisoma usiku ule ule, na sentensi ya bandarini ni yake, hajabadilishiwa hata nukta.

Kwa nini basi hakunijibu?

Alisema kwa kazi yake kila jibu ni waraka, na waraka hauna mwenyewe, humfikia yeyote. Nikasema, sauti imenitoka ndogo kama ya mtoto, kwamba mimi nilifuata kanuni yake: umenyamaza, umeridhia.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Aliweka kikombe akaniuliza kwetu, kwenye nikahi, ni nani kimya chake huhesabiwa ridhaa. Nikasema mwari. Bikira.

"Na aliyekwisha kuolewa?"

Nikasema huyo lazima atamke.

"Binti yangu," akasema, "mimi na jambo hili tumeoana miaka thelathini."

Nilitamani zulia linifunike. Dini moja, sheria moja, nimeisoma madrasa tangu sina meno ya mbele! Nikachukua nusu iliyonifaa.

Kisha akanituliza. Hilo ndilo lililonimaliza — akanituliza yeye! Alisema tasnifu husomwa na watu watatu na mmoja wao husinzia, nisihofu. Akaniambia na habari yake. Kwao sasa kuna wanaotaka nchi itie saini mkataba wa kukomesha majaribio, na yeye amewekwa kwenye kikundi kidogo kinachoandaa hoja. Kwa mara ya kwanza tangu Mei wanamsikiliza. Wapo wanaosubiri ateleze tu. Wakipata neno moja la kumwita msaliti, kiti chake atapewa mtu anayetaka walipue tena.

Tasnifu. Watu watatu. Hajui habari ya gazeti!

Nilifungua kinywa. Wallahi nilifungua. Mke wa mwenyeji akaingia na halua, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema sina. Tukala halua.

Jumamosi, 29 Agosti

Sikuandika. Sikula. Marais wanaingia, helikopta juu ya mji kutwa.

Jumapili, 30 Agosti

Antoinette karudi kanisani, kanikuta nimelala na viatu. Nikamwambia yote, na lile la Ijumaa. Nilidhani atanicheka. Alivua kitambaa cha kichwa, akaketi kitandani kwangu.

"Ule mzee alikupatia chakula na weye ukamunyamazia? Ile sikujua! Kinywa Mungu alikupatia ya nini?"

Nikasema nikiiondoa makala gazetini nafasi inakwenda, na kibali kinakwenda nayo.

"Iko kweli," akasema. Hakuongeza la kunifariji. Baadaye: "Mimi dada yangu angepiga simu aniambie mambo ni mbaya, ningelia. Lakini ningejua. Kutojua njo inaniua."

Kesho naenda kwa Dk. Naicker. Kesho bila kukosa.

Jumatatu, 31 Agosti

Nimekwenda. Nimerudi na mzigo ule ule, umeongezeka uzito.

Dk. Naicker si mtu mbaya. Utawala wa zamani wa makaburu ulimfungia maandishi yake mwenyewe, na kila anayeogopa kuchapa humwona anawafanyia kazi watu wale. Akaniuliza kama mahakamani: alisema ni siri? Hapana. Sentensi ni yake? Ndiyo. Alitumiwa asome? Ndiyo. Alikataa? Hapana. "Sasa?"

Nikasema sasa... nikaanza habari ya mwari na aliyekwisha kuolewa. Alinitazama kama nimepandwa na shetani. Akasema balozi aliyetetea bomu mbele ya dunia nzima hana haki ya kuficha kwamba hakuliamini. Watu wake wanaopaswa kuishi chini ya bomu hilo wana haki ya kujua. Na kweli. Wana haki! Usiku nalala upande wake, asubuhi naamka upande wa Balozi.

Alikuwa na haraka, anakimbilia mkutanoni. Mlangoni akageuka. Mhariri anafunga ukurasa kesho. "Nisipokusikia hadi saa kumi na moja jioni, nitajua umeridhia, kinakwenda."

Nikasema sawa. Nimesema sawa! Nimefika hadi chini ya ngazi ndipo nimesikia alichosema.

Jumanne, 1 Septemba

Niko dukani kwa Antoinette, kwenye benchi la wateja, daftari gotini. Barabara zimefungwa, ving'ora kila upande, taxi haziendi. Nimekuja kwa miguu kutoka Overport, nimelowa jasho.

Mchana nilipiga simu toka hapa, kule kwenye nyumba ya geti la kijani. Mke wa mwenyeji akasema nina bahati, Balozi karudi kubadilisha shati. Akaja kwenye simu ananiuliza mama hajambo. Sikumjibu habari ya mama. Nilisema yote kwa mkupuo: gazeti, kesho, sentensi ya bandarini, jina lake, kwamba Ijumaa nilijua na nikala halua.

Kule kwake gari likapiga honi. Nasikia anavuta pumzi. Nikasema, Balozi, sema neno moja. Sema usitoe, nami naizuia.

Alisema polepole, kama anayemfundisha mtu kusoma. "Nikisema usitoe, nimekiri kwamba nililisema. Nikisema toa, nimejinyonga. Nikisema ni uongo, nimekufanya wewe mwongo. Mimi sina pa kutamkia. Wewe unapo." Kisha akasema gari linamngoja. Akanishukuru! Kwa kumwambia. Na simu ikakatika.

Sina hasira naye. Ninayo, kidogo. Kaniachia mlango nishike mwenyewe.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Nimemgeuza Dk. Naicker na haki zake, nimemgeuza Balozi na kiti chake, nimegeuza kibali changu, Desemba, kaka, mkewe. Sijajua nani mwenye haki. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyekiita kimya chake ndiyo, na hakikuwa ndiyo. Makala imesimama juu yake.

Saa kumi na nusu imepita. Vibanda vyote viwili vina watu. Kwenye kimoja baba mmoja anapiga kelele, "Allô? Allô, Bukavu? Unanisikia?" Hasikiwi. Hakati. Antoinette hana roho ya kumtoa, namwona, naye anasikiliza kama kutatoka sauti ya dada yake. Cha pili yuko msichana anacheka na mchumba.

Namba ya simu ya mkononi ya Dk. Naicker nimeiandika kiganjani, wino unayeyuka. Nikikaa tu hapa, nisiinuke, hakuna atakayenilaumu. Nitaambiwa niliridhia. Vigelegele vitapigwa na nafasi nitapata. Rahisi vile!

Lakini mimi si mwari. Mimi nimekwisha kuolewa na nikaachwa. Mtu kama mimi hutamka.

Msichana ameweka simu. Antoinette ananipungia mkono, haraka, haraka, "Iko wazi, njoo!" Bado naandika. Nimejaribu neno lenyewe hapa kwenye benchi, chini chini, nione kama linatoka. Sijaridhia. Limetoka limekwaruza. Sijawahi kulisema maishani mwangu.

Mzee aliye pembeni yangu amegeuka. "Unasema, mama?"

Nimelirudia, kwa sauti, nainuka kwenda kwenye simu.