Sela Hajaenda

Jumatatu, Machi 3

Nimeshinda nikivalisha kochi. Kitambaa cha kijivu, kinateleza, kinakataa kunyooka. Mikono inanuka gundi hata baada ya sabuni. Binti yangu Nekesa alileta chai kibandani kwangu, akakaa kwenye kochi ambalo halijaisha, akaanza kutazama simu. Majibu ni mwisho wa mwezi. Anajua. Bado anafungua.

Yeye na Sela, binti wa dada yangu Nafula, waliomba chuo kimoja Marekani. Mwalimu wao ndiye aliwasukuma. Alituita sisi wazazi akatuambia wazi kwamba wanaochukuliwa ni wachache mno, tusianze kutangaza. Mimi sijatangaza. Mke wangu yuko Bungoma na mama yangu mgonjwa, hata yeye namjibu kwa mkato akipiga kuuliza.

Jana tulikula kwa Nafula, Soweto East kule Kibera, kwenye fleti. Kuna kitu kimenikaa vibaya. Nafula alipakua ugali na sukuma, akaniwekea mimi, akamwekea Nekesa, akajiwekea. Akafunika sufuria. Sela alikuwa ameketi hapo hapo. Nikadhani amesahau. Sela akainuka mwenyewe, akachukua sahani, akapakua, akarudi kuketi. Tukaendelea kula. Hata mimi.

Labda walikosana.

Alhamisi, Machi 6

Hawakukosana. Nimemuuliza Nekesa. Anasema hakuna ugomvi wowote, ni mama yake Sela tu amebadilika.

Mvua. Mteja wa kochi hajaja.

Jumapili, Machi 9

Baada ya kanisa nilipitia kwa Nafula nimrekebishie mlango wa kabati. Kitanda cha Sela hakipo. Nikauliza kiko wapi. Nafula akasema amempa mama mmoja wa kanisa mwenye watoto wengi, kwa sababu hapa kilikuwa kinakaa bure. Alisema hivyo Sela akiwa jikoni anaosha vyombo. Nilikuwa nasikia maji.

Halafu nikaona ukuta. Picha ya Sela, ile ya siku ya kumaliza shule, imewekwa kwenye fremu na maua ya plastiki pembeni, kando ya picha ya Timothy. Kwetu picha huwekwa hivyo mtu akishaenda. Timothy ni kifungua mimba wa Nafula. Alienda Uarabuni kuendesha magari. Simu yake ilikuwa inaingia, halafu siku moja ikaacha kuingia. Miaka sasa. Hatujui kama tumlilie au tumngoje. Picha yake nimeizoea. Hii ya Sela, hapana.

Sela akatoka jikoni, akapangusa mikono, akasimama chini ya picha yake akinipa chai. Mama yake alikuwa anaitazama ile ya ukutani. Anaitazama kwa mapenzi. Mtoto mwenyewe hakumtazama hata mara moja.

Nimefunga bawaba haraka nikaondoka. Naogopa, na sijui naogopa nini.

Ijumaa, Machi 14

Nilikuwa na kazi Kibera, nikapanda kumsalimu Nafula. Kwenye ngazi nikakutana na Mama Brayo, jirani wa chini yake, anakwenda kuanika nguo. Akanipa pole. Akasema nyumba ya juu imekuwa kimya sana tangu Sela asafiri.

Nikamwambia Sela hajasafiri. Akanitazama kwa huruma, vile unamtazama mtu ambaye habari haijamwingia kichwani. Akasema Nafula mwenyewe aliwaambia kwenye maombi ya akina mama wamkumbuke mtoto aliye mbali, wakamwombea, wengine wakalia.

Tukasikia viatu huko juu, vinashuka polepole. Mama Brayo akashusha sauti.

"Unaskia? Kama vyake kabisa. Huwa naviskia mchana. Sijawahi kumwambia mama yake."

Kisha Sela akatokea kwenye kona ya ngazi, na mtungi mtupu wa maji mkononi. Mama Brayo aliweka beseni chini na nguo zake zote, akaingia kwake, nikasikia komeo. Sela alisimama akiutazama ule mlango. Akaniambia wote wa ngazi hii wamekuwa hivyo siku hizi, halafu akaenda kuchota maji.

Sikupanda tena. Nimerudi Kawangware. Mwili umechoka kama nimebeba mbao.

Jumanne, Machi 18

Sela amekuja kibandani leo mchana. Ametembea kutoka Kibera mpaka hapa mtaani Kongo, Kawangware, viatu vimejaa vumbi. Nikampa kigoda. Hakuketi.

"Anko, naomba uniangalie kidogo," akasema. "Usifanye kazi. Niangalie tu."

Nikaweka nyundo chini nikamwangalia. Nilimwangalia mpaka nikaona haya, maana mtoto wa dada yako humwangalii hivyo, unamwona tu. Amekonda. Nywele hazijasukwa. Machozi yalimtoka na hakuyapangusa.

Ameniambia yote. Mama yake hamwongeleshi. Hamkasirikii, hamfukuzi. Anampita. Sela akisema kitu, mama anaongeza redio. Alipojaribu kumshika mkono, mama alisimama tuli mpaka akaachia, kisha akaendelea kukata vitunguu. Siku moja Sela alikaa kutwa bila kutoa sauti aone kama kuna kitakachobadilika. Hakuna kilichobadilika. Anasema ndani ya nyumba ile hata yeye amekuwa akinyata.

Nekesa aliporudi walikumbatiana. Sela akamuuliza kama anamwona. Nekesa akacheka. Sela hakucheka.

Jumamosi, Machi 22

Nimeenda kusema na Nafula. Sela alikuwa ameketi kati yetu. Nilimwambia dada yangu kwamba anamuua mtoto wake akiwa hai. Maneno makali, lakini niliyasema.

Hakukasirika. Aliongea taratibu, macho kwenye meza. Siku Timothy alipopigiwa simu na ajenti aende, yeye alikuwa sokoni. Kijana hakuweza kungoja. Nafula aliporudi na mboga zake, alipata tu kitanda kimetandikwa.

"Sikuwa tayari, Wanjala. Nilimpikia chajio mtu ambaye alikuwa angani. Huyu akienda, atanipata tayari."

Nikamwambia labda hatachukuliwa. Wanaochukuliwa ni wachache. Akasema mtoto wake ana akili, lazima ataenda, na huko akipotea kama kaka yake, moyo wake utakuwa umeshazoea. Anazoea sasa. Kidogo kidogo. Alisema mwanzoni ilimuuma sana, siku hizi haumii.

Alitabasamu. Heri angelia.

Nikajaribu tena. Nikasema, dada, Sela alikuwa anakupenda.

Alikuwa. Nililisikia likitoka mdomoni mwangu. Sela pia alilisikia. Aligeuka akanitazama, na mimi nikashindwa kumtazama.

Nimejichukia njia nzima.

Jumatatu, Machi 24

Asubuhi nilipita uani, nikatoka, nikafungua kibanda, nikaanza kupiga randa. Ndipo nikakumbuka Nekesa alikuwa uani akipiga mswaki na sikumsalimu. Sikuwa na haraka. Sikuwa na hasira. Nilipita tu.

Nimeacha kazi nikarudi nikamsalimu. Akashangaa. Nikamshika bega muda mrefu. Hii kitu inaambukiza.

Ijumaa, Machi 28

Majibu.

Walikubaliana wafungue pamoja, kwetu, baada ya staftahi. Sela alikuja mapema. Walikaa kitandani kwa Nekesa, kila mmoja na simu yake, mimi mlangoni. Intaneti ilikuwa inazunguka tu. Nilisikia jirani anaita kuku.

Nekesa amepata.

Sela hajapata.

Nekesa alianza kupiga kelele, akakata katikati. Sela akamkumbatia kwanza. Huyo ndiye Sela. Kisha akasoma tena ya kwake, pole kwa pole, midomo ikitembea. Akaniambia wamemshukuru kwa kuomba.

Nilifurahi na nikahisi vibaya kufurahi. Nilitoka nje nikasimama. Nililia kwa ajili ya wote wawili bila kujua machozi gani ni ya nani.

Sela hakulia. Alikuwa na kitu usoni kama nafuu. Alisema sasa mama hana budi kumwona, maana hakuna safari.

Jumapili, Machi 30

Tumempeleka kwa mama yake. Mimi na Nekesa.

Nilibisha, Nafula akafungua. Nikamwambia palepale mlangoni: Sela hakuchukuliwa, dada, yuko hapa, anabaki. Nilisema kwa sauti ili ngazi nzima isikie.

Nafula akamtazama Sela. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, alimtazama usoni.

"Karibu," akamwambia. "Keti, usiogope."

Akamletea chai kwenye kikombe cha wageni. Akampa mkate kwa mikono miwili. Akamuuliza kama ametoka mbali, na kama wazazi wake hawajambo. Sela alijibu. Alijibu kila swali, kwa heshima. Alisema mama yake yuko.

Kisha Nafula akaanza kutusimulia habari za Sela wake. Anapiga simu kila Jumapili. Huko kuna baridi, lakini amepata koti. Ana rafiki anayekaa naye chumba kimoja. Alinionyesha simu anayopokelea. Niliichukua. Imezimika, betri imevimba hadi mgongo wa simu umepasuka. Nikamrudishia. Akaiweka sikioni kidogo, kama mtu anayehakikisha hajakatiwa, akaiweka mfukoni.

Tulishuka na Sela. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, zimekunjwa vizuri sana.

Alhamisi, Aprili 17

Sela analala na Nekesa. Ameanza kunisaidia kushona vitambaa vya makochi. Ana mkono mzuri. Anaimba akifanya kazi, kwa sauti kubwa kupita kiasi, na sisi hatumwambii apunguze.

Mchungaji wa Nafula ameongea naye. Ametuambia dada yangu yuko sawa kwa kila kitu, anauza mboga, anarudisha chenji, anasali. Ni kwa Sela tu ndipo anapotea. Amesema tumpeleke hospitali, nikampeleka. Wamempa miadi. Anakwenda, anamsimulia daktari habari za binti yake wa Marekani, anarudi.

Sina la kufanya. Nasema ukweli, sina.

Jumamosi, Agosti 16

Nekesa ameondoka.

Mke wangu alikuja kutoka Bungoma. Nafula pia alikuja uwanja wa ndege, na gauni la kanisani. Sikutaka aje. Nekesa ndiye aliyemwalika.

Ilikuwa ni kulia tu. Mke wangu alimshika mtoto mpaka askari akatuomba tusogee. Nekesa alirudi mlangoni kunikumbatia tena, mkoba ukaanguka, tukauokota, akarudi tena kwa mama yake. Sela alimfunga kilemba chake shingoni. Akaingia. Tukamwona kupitia kioo, halafu tukamwona mgongo, halafu hatukumwona.

Nafula alisimama pembeni akitazama yote hayo bila kupepesa. Watu wengine walikuwa wameshatawanyika, yeye bado. Sela alikuwa kando yake akipunga mkono kwenye kioo kitupu.

Tulipokuwa tunangoja gari, Nafula akanivuta mkono. Mkono wake ulikuwa baridi sana.

"Wanjala, Sela aliniaga wapi?"

Nikamwambia hakukuaga. Hajawahi kuaga, dada, kwa sababu hajaenda.

Njia nzima aliangalia nje. Tulipomshusha Kibera hakupanda ngazi. Alibaki amesimama chini, na gari likaondoka akiwa bado amesimama.

Jumanne, Agosti 19

Mke wangu amerudi Bungoma. Nyumba ni kubwa. Sijui ilikuaje chumba kimoja na pazia kiwe kikubwa hivi.

Nekesa amefika. Amepiga. Sauti yake inachelewa, unasema kitu na unangoja. Katika kule kungoja nilipata hofu mbaya, nikaelewa dada yangu anaishi wapi.

Jumamosi, Agosti 23

Jua zuri leo. Sela alikuwa nje ya kibanda anashona mito, mimi nakata sponji.

Nafula alikuja kwa miguu. Hakubisha hodi. Alisimama upande wa pili wa mtaro akatutazama, muda mrefu hadi maboda wakampigia honi asogee. Nikaendelea kukata. Niliogopa kwamba nikimsalimu ataanza kusimulia habari za Marekani.

Akavuka. Akaja mpaka nyuma ya Sela, akaweka kidole kichwani pake, kwenye mstari wa nywele, akaupitisha polepole.

"Nani alikusuka hivi vibaya?"

Sela aligeuka kuangalia nyuma, aone ni nani mwingine anayeambiwa. Hakukuwa na mtu. Akanitazama mimi. Sikujua nifanye uso gani.

Nafula akaketi kwenye kochi ambalo halijavalishwa, juu ya mbao tupu, akafungua magoti. Sela akakaa chini mbele yake. Nafula alianza kufumua, msuko mmoja, halafu mwingine, akiweka nyuzi pembeni. Mara akasimama, mikono hewani, kama amesahau alikuwa anafanya nini na kichwa hiki ni cha nani. Sela hakusogea. Nadhani hakupumua.

Kisha mikono ikarudi.

Wamemaliza alasiri. Nimewapikia chai. Nafula amelala hapa, wako upande ule wa pazia. Nimesikia Sela akimwambia mama yake lala salama. Sijasikia jibu, lakini kitanda kimelia, kama mtu anayesogea kumpa mwenzake nafasi.