Unga wa Wimbi kwa Rosebellah

Sulaimaniya, Riyadh.
Jumamosi, 18 Januari 2025.

Mpendwa Shangazi Priscah,

Leo nimeapa kukuambia kila kitu, hata yale yatakayokufanya uniwazie vibaya.

Lakini salamu kwanza. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na zile ngazi za nyumba ya Aziziya? Madam bado anakuachia Ijumaa baada ya chakula cha mchana, ama ameanza tena kualika wageni siku hiyo hiyo? Sisi huku baridi imetubana. Baba hajambo. Siku hizi anakwenda kazini Olaya kwa metro, na anaisifu kana kwamba ni yeye aliyeijenga. Mimi ni mzima na masomo yanakwenda vizuri. Mama ndiye hayuko vizuri, na barua hii ni kwa sababu yake.

Nimeandika kwa mkono kwa kuwa simu siiamini tena. Silas, anayefanya kazi na Baba, anakuja Jeddah Alhamisi kwa shughuli za ofisi. Atakukabidhi bahasha hii pamoja na mfuko wa unga wa wimbi. Unga huo si wako, Shangazi. Utaona ni wa nani.

Najua umeshafahamu kwamba Mama ni mjamzito, ingawa hakuna aliyekutamkia. Tumekaa kimya kama inavyotakiwa kwetu, na hatujanunua hata soksi. Jina nimelichagua kimoyomoyo, ila sitaliandika. Daktari anasema presha ya Mama iko juu na mtoto anaweza kuja kabla ya wakati, kwa hiyo ajifungulie katika hospitali yake, penye mashine za watoto wachanga. Bima ilikuwa imekubali. Tulikuwa tunangoja tu.

Ndipo mwanamke mmoja akaanza kupiga simu. Hakuna aliyemwomba. Alisema anaitwa Rosebellah, yuko Jeddah katika ofisi ya bima, na kazi yake ni kuwafuatilia wajawazito na wagonjwa ili wasijisikie wapweke. Aliposikia jina la ukoo wetu akaacha Kiswahili, akamsalimu Mama kwa Kikisii. Shangazi, Mama alikaa kitandani kama mtu aliyetembelewa. Tangu siku hiyo, kila wiki ilikuwa ni Rosebellah kasema hivi, Rosebellah kasema vile. Kunywa maji, mama. Inua miguu, mama. Hata mimi nilimpenda.

Siku moja Mama alikuwa amelala na simu iko kifuani, spika imefunguliwa. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Rosebellah akamwuliza, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Mama Stacy, tuongee kama wanawake wa nyumbani. Huyu ni wa pili kweli?" Mama akaivuta simu karibu na mdomo. Kisha akamwambia kuhusu mtoto aliyezaliwa Kisii nikiwa mdogo, ambaye hakulia. Nadhani wewe ulijua. Mimi sikujua. Nilisimama na shati la Baba mkononi, nikajua kwamba nilikuwa na ndugu.

Wewe unaelewa kwamba kwetu mtoto kama huyo hatajwi. Tulipokuja nchi hii bima waliuliza magonjwa, na Mama akajibu magonjwa. Mtoto si ugonjwa. Mama alimweleza hivyo hivyo: "Sikuulizwa, dada yangu. Na ningeulizwa na mwanamume wa ofisini, ningeanzia wapi?" Rosebellah akasema, "Pole, mama. Naelewa." Hilo ndilo siwezi kulimeza. Alielewa kweli, kwa sababu ni wa kwetu, kisha akaenda akaandika kwamba mgonjwa alificha.

Bima ikaondoa idhini yake. Sasa wanamtaka Mama ajifungulie katika kituo kidogo kisicho na mashine hizo. Kumlipia hospitali ile hatuwezi, na kurudi nyumbani haiwezekani, kwani daktari amekataza asipande ndege. Baba alikwenda ofisi yao ya Olaya, akangojeshwa, akaambiwa, "Taarifa ni ya mfuatiliaji. Yeye akiandika upya, tutaitazama upya. Asipoandika, mafi, hakuna kitu." Baba alimpigia Rosebellah akamwomba. Akajibiwa kwamba hawezi kuzungumza na mtu mwingine kuhusu mgonjwa. Ndiyo, alisema hivyo.

Na bado alikuwa akimpigia Mama, Shangazi, eti kumjulia hali. Mama alikuwa akigeukia ukutani. Jumanne simu ilipolia nikaichukua, nikaenda nayo bafuni. Unakumbuka watu wanavyotuchanganya kwenye simu, hata wewe uliwahi kunisimulia nusu saa ukidhani mimi ni Mama.

"Mama Stacy! Nilidhani umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa nini? Wewe ni wetu."

Akacheka. "Ofisi ni ofisi, mama. Mimi huandika tu."

Nilitaka kumtukana, lakini nikamfanyia alivyomfanyia Mama. Nikalainisha sauti. Nikamwambia, "Na wewe mwenyewe je? Sauti imechoka, mdogo wangu. Nani anakuuliza wewe umelalaje?"

Akaanza kulia, na nilimwacha alie. Akasema anatapika kila asubuhi katika choo cha ofisi na hufungulia bomba ili wenzake wasisikie. "Nilienda nyumbani likizo kumwona mume wangu, nikarudi na mzigo ambao uwanja wa ndege hawakuupima," akasema, akacheka huku anajifuta kamasi. "Tafadhali, mama, libaki kwako. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu. Wakijua sasa, halas, siongezewi."

Nikasema, "Pole. Naelewa." Nilitumia maneno yake yale yale.

Nikamwuliza anakula nini. Akasema hakuna kinachokaa tumboni, anatamani uji wa wimbi tu. Nikamwambia wifi yangu, yaani wewe, yuko Jeddah, nitamtuma amletee unga, basi anielekeze. Akanielekeza bila kusita. Anakaa Kandara, upande wa kituo cha zamani cha mabasi, ghorofa iliyo juu ya duka la masanduku, na Ijumaa hatoki. Akanibariki sana. Nilipokata simu nilijitazama kwenye kioo cha bafu na nilikuwa natabasamu. Nilifurahi, Shangazi, na mpaka sasa sijaacha kufurahi. Nataka na yeye ajue inakuwaje mtu anapokulainishia sauti ili akuvunje.

Mama hajui. Akijua atanikataza, atasema huyo ni mjamzito mwenzake na amtakie heri. Huruma hiyo sijui anaitoa wapi. Nikimsikia usiku anavyopumua kwa shida, mimi sina hata kidogo.

Kwa hiyo naomba uende kwake Ijumaa. Mpe unga wake mkononi, ili akufungulie mlango na akuketishe. Kisha mwambie kwamba aliyezungumza naye ni mimi, binti wa Lydia, wala si Mama mwenyewe, na kwamba tunajua anachoficha. Mwambie aandike upya alichosema Mama, kwamba hakuulizwa. Hatumtaki aseme uongo, tunautaka ukweli alioupindisha. Akiandika, siri yake itabaki kwetu, na mtoto wangu atazaliwa mahali penye mashine. Nimesema mtoto wangu, nisamehe. Ndivyo ninavyomwita nikiwa peke yangu.

Nisalimie Wairimu mnayelala naye chumba kimoja, na wale mapacha wa madam wanaokusumbua. Ukiongea na Babu Zephania mwambie sijasahau Kikisii, ingawa nakiongea kama mgeni. Baba anakusalimu. Mama pia angekusalimu, ila nimemwacha alale. Mungu akulinde katika nyumba hiyo ya watu, akuponye goti, na akufikishe nyumbani ukiwa na vyote ulivyotoka kuvitafuta.

Nambari ya mkubwa wake Rosebellah kazini ninayo, nimeipata kwa njia ya heshima tu, kwa kuuliza. Sijaipiga, nimekungoja wewe kwa sababu ndiwe mkubwa wangu wa karibu. Silas anarudi Riyadh Jumapili, naomba umpe jibu lako, hata likiwa neno moja. Ukienda Ijumaa, akala uji wake na bado akakataa kuandika, unaniruhusu niipige nambari hiyo, ndiyo au hapana?

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na anayekutegemea,
Stacy