Kitenge cha Bluu cha Kuchujia

Jumatatu, 3 Novemba
Sampuli sita leo. Wavu ulishushwa alfajiri mbele ya Rumonge, ukapanda umejaa. Kopepodi watupu. Kabla sijawatia dawa wanaruka kama viroboto, majike wengi wamebeba mayai. Jamaa za uduvi hawa, kadiri ya chembe ya chumvi. Wanakula mwani, ndagala, dagaa wetu, anawala wao, samaki mukeke anamla ndagala, sisi tunamla mukeke. Nimewahesabu miaka tisa. Shefu wa kituo chetu cha utafiti amefurahi. Wakijaa wao, ndagala watakuja.

Robine za mtaa wetu zimekauka, bomba halitoi tone, wiki ya pili sasa. Mama anachota ziwani alfajiri, kabla mitumbwi haijayavuruga maji. Ndivyo wafanyavyo wanawake wote wa mtaa.

Jumatano, 5 Novemba
Mvua. Makaa yamelowa. Vidonge vya kutibu maji vimekwisha nyumbani. Nimemwambia Mama achemshe maji yote. Anachemsha ya chai tu, nimemwona. Nimekasirika, nikachelewa kazini.

Zamani alikuwa anachuja kwa kitenge chake cha bluu, kile kilichochakaa, akikikunja kwanza. Alifundishwa na bibi. Mwaka nilipopata diploma nilimcheka, tena mbele ya Mama Shabani, jirani yetu. Nikamweleza kwamba bakteria anapita kwenye kitambaa kama mbuzi kwenye mlango ulio wazi. Aliniangalia. "Haya mwanangu, weye ndo ulisoma." Hakuchuja tena. Siku ile nilijiona mtu.

Ijumaa, 7 Novemba
Majirani wawili wa chini, karibu na mwalo wa wavuvi, wamepelekwa kwenye hema la wagonjwa. Kipindupindu. Hakuna anayelitamka jina hilo, wanasema "tumbo".

Nimeleta bidoni, dumu moja la maji, kutoka kazini. Kule tuna chujio zuri. Mimi nakunywa hayo kila siku na sikuwahi kumletea Mama. Sijui kwa nini. Najua. Uvivu.

Jumamosi, 8 Novemba
Tumbo limemwanza Mama alfajiri, hajamaliza kutawadha. Maji matupu, meupe kama yaliyooshewa mchele. Kufika saa mbili macho yamezama. Tumempakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Mwepesi mno.

Hemani wamemtundikia serumu mikono yote miwili. Nikifinya ngozi yake inabaki imesimama. Amesema jambo moja tu tangu tufike: "Ile maji ya ziwa iko mu bido, umwange. Usikunywe."

Ninaogopa. Naandika nimekaa kwenye jiwe, nje ya hema.

Jumapili, 9 Novemba
Asubuhi amefungua macho, akauliza nani anamwangalizia mawese yake. Furaha niliyopata siwezi kuiandika.

Saa nne amekuja mama mmoja wa kujitolea kutufundisha sisi tunaouguza. Amesema ukikosa vidonge na ukikosa makaa, angalau chuja kwa kitambaa cha zamani kilichokunjwa. Si kinga kamili, lakini inapunguza. Bakteria hawa wengi hawaogelei peke yao. Wanashikamana na vidudu vidogo vya ziwani, kwenye ganda, kwenye mayai. Kitambaa hakimzuii bakteria, kinamzuia yule aliyembeba.

Wenzangu wakamshukuru, "Murakoze, mama." Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Vidudu hivyo ni vyangu. Ndiyo kazi inayonilisha.

Mama amefariki saa tisa. Figo, wamesema. Mkojo haukutoka tangu jana.

Jumatatu, 10 Novemba
Amezikwa. Wamemwosha watu wa hemani, wenye glavu, kwa maji ya klorini. Mimi nilisimama mbali na kanga mkononi. Mtoto wake wa pekee, na sikumgusa.

Mtaa wote umekuja kutoa pole. Mama Shabani amepika. Sijamwambia mtu habari ya kitenge.

Alhamisi, 13 Novemba
Kazini. Shefu alitaka nipumzike, nikakataa.

Nimetia rangi kwenye sampuli, nikaongeza nguvu ya hadubini, jambo ambalo hesabu yangu haijawahi kulihitaji. Wapo. Vijiti vidogo vimejazana kwenye ganda, vimezunguka mdomo na mifuko ya mayai. Sijui kama ndio wale, rangi haisemi jina. Lakini wamepanga humo kama nyumbani kwao. Wanakula ganda, wanakula kinyesi, na kopepodi naye anakula baadhi yao. Miaka tisa nimehesabu mabasi, sikuangalia abiria.

Kisha nimefungua majedwali yangu ya nyuma. Alfajiri ndiyo saa vidudu hawa wanapokuwa wengi juu, jua likipanda wanashuka. Ndiyo saa Mama aliyokuwa akichota. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Najichukia leo.

Jumapili, 23 Novemba
Robine bado kavu.

Nimefungua sanduku la Mama. Kitenge cha bluu kilikuwa chini kabisa, kimefuliwa. Hakukitupa.

Nilikuwa nimeshaweka ndoo nilipokumbuka kwamba sikuwahi kumuuliza alikuwa anakunja mara ngapi. Halafu nikakikunjua na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mikunjo yake imebaki, mistari iliyopauka. Nikaifuata. Mara tatu. Matabaka manane.

Nikakifunga kwenye mdomo wa ndoo, nikamimina polepole. Mama Shabani akapita, akasimama, akaniuliza ninafanya nini.

"Ni ya Mama hii," nilimwambia. "Yeye ndo alikuwa anajua."

Hakucheka. Alikwenda kwake, akarudi na bidoni yake.

Tulichuja zote mbili, tukachemsha. Kisha nikakisuuza kitenge, nikakianika juani.