Ua la Saba

Mtaa wa Mtoni 14,
Vologda.
9 Machi 1998.

Mpendwa mdogo wangu Kapa,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji isiyotaka kuondoka. Magoti yako yanaendeleaje? Na presha? Binti yako Rimma aliniandikia kwamba mama yake anakula vizuri tena, nikamshukuru Mungu. Mimi moyo umechoka. Daktari hasemi mengi siku hizi, ananishika mkono tu.

Jirani huniletea supu ya kabichi mchana. Akishaondoka, sisemi na mtu mpaka kesho yake.

Unaikumbuka ile opera fupi ya kuchekesha tuliyoicheza mwaka 1961 katika ukumbi wa reli? Kijana anavaa sketi na kujifanya dobi wa kike ili aingie nyumbani kwa mpenzi wake. Wewe uliimba sehemu ya binti, Gleb ya dobi, mimi nilipiga piano. Nisikilize sasa, maana hili nimelibeba miaka thelathini na saba.

Pazia liliposhuka, Gleb alinijia na sketi yake, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande, akanipa mawaridi saba. "Dada Dusya, mpelekee Kapa wewe. Nikimposa na sketi hii atacheka mpaka Jumatano. Mwambie akikubali, Agosti tunahamia Leningrad."

Nilichomoa moja, nikalificha ndani ya piano. Yaliyobaki nilikuletea, lakini ujumbe sikuufikisha.

Uliyahesabu, kama sote tuhesabuvyo. "Sita? Maua ya jozi jozi hupelekwa makaburini. Ananizika huyu?"

Nikakujibu, "Si unamjua kwa mizaha."

Ukamtupia usoni mbele ya kwaya nzima. Naye akadhani hilo ndilo jibu la posa yake. Septemba ukaomba kazi Khabarovsk.

Usidhani nilimtaka Gleb. Mama alikuwa ametutoka majira yale ya baridi, nami nilitaka wewe ubaki. Leningrad ni usiku mmoja kwa treni. Badala yake ukaenda Khabarovsk, mwendo wa wiki nzima.

Gleb yu hai. Amefiwa na mkewe, anaishi Yaroslavl. Nilimwandikia yote kabla yako, kwa sababu yeye simwogopi kama ninavyokuogopa wewe. Alijibu mstari mmoja: "Dada Dusya, mwulize kama bado anaimba."

Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukija, treni yako hufika Yaroslavl kwanza. Shuka hapo. Usiharakishe kuja kwangu.

Nisalimie Rimma na mumewe. Mungu akupe miaka niliyokunyima.

Dada yako aliyekupenda vibaya, na bado anakupenda,
Dusya