Blanketi Lenye Suti ya Baba Mkwe

Lufingo, 14 Machi 1993

Mkwe wangu Sekela,

Pokea salamu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Natumaini ninyi wa Makandana hamjambo na wajukuu wanakula vizuri.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Umeolewa na Ezron miaka kumi na saba, na kwa mila yetu sijauona uso wako, nawe hujauona wangu. Ukisikia kikohozi changu unaingia migombani. Lakini sijasikia mzee yeyote aliyekataza barua.

Jambo lenyewe ni sanduku la marehemu mama yenu, Agness. Beatrice, binti yangu, anataka vitambaa vilivyomo viwe matambara ya kupigia deki. Anasema mitumba imejaa Tukuyu, mablanketi ya Ulaya yako hadi kwa muuza chumvi, nani tena atajifunika viraka? Nikalifungua mwenyewe. Nimekuta mablanketi matatu ya vipande, yote nusu, na moja bado lina sindano yenye kutu. Najua mlikuwa mkiyashona wewe na Agness. Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike, na kuiona kazi yake imeachwa njiani kunaniuma sana. Yamalize, tafadhali. Ezron atakuletea sanduku.

Baba mkwe wako,
Ambindwile

Makandana, 4 Aprili 1993

Baba mheshimiwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa adabu. Sisi wazima, Lusungu tu alikuwa na mafua, sasa anapiga kelele kama kawaida. Pole na goti.

Sanduku limefika. Baba, nililia. Ile miaka ya foleni, nguo dukani hakuna, mama na mimi tulikuwa tunaokota masalio kwa fundi Tamimu pale Bulyaga. Blanketi la kwanza tulilishona kwa khanga, la pili kwa kaki za sare za shule, la tatu kwa chochote kilichopatikana. Mwaka 1984 mama akanipa kitambaa cha kahawia chenye mistari, nikashona vipande kumi na viwili katikati ya lile la tatu. Siku moja akacheka, akasema, "Mwanangu, unajua hiyo ni suti ya harusi ya baba yako?" Sindano ikaniponyoka. Nguo iliyokaa mwilini mwa baba mkwe, mimi nimeikalia na kuipasi miezi mitano! Sikuligusa tena, na kwa aibu nikayaacha yote matatu.

Natamani kuyamaliza, Mungu anajua. Tangu mitumba ije, cherehani yangu imelala. Mimi niliyeshona mashela, sokoni sasa wananiita Mama Vifungo, kwa sababu vifungo ndiyo kazi pekee wanayoniletea. La khanga na la kaki nitayamaliza. La tatu nimelitoa sandukuni kwa kijiti.

Mkweo,
Sekela

Lufingo, 2 Mei 1993

Mkwe wangu,

Salamu kwenu nyote. Goti halijambo.

Kwa kijiti! Nimecheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama naumwa. Suti yenyewe imekataa kufunga tumbo langu tangu mwaka wa Uhuru. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa Agness aikate.

Hata hivyo nimewauliza wazee. Wawili wamesema nguo iliyotolewa imetolewa. Wa tatu akasema hata uzi wake ni mimi. Beatrice naye amekuja hapa kwangu, amenigombeza saa nzima kwamba namwandikia mke wa mwanangu kama karani. Sitaki uvunje jambo ambalo moyo wako hauwezi kulivunja. Mpe Ezron lile la tatu aniletee. Nitavifumua vipande vyangu, wewe utalimaliza lililobaki.

Baba mkwe wako,
Ambindwile

Makandana, 9 Mei 1993

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, Ezron amekwishavaa viatu.

Nakuomba usifumue! Vipande hivyo viko katikati, ukivitoa blanketi zima linaachana, na mishono ya mama inakwenda nalo. Nimewaza wiki nzima. Mimi siwezi kuvigusa, lakini wewe suti ni yako. Basi vishone wewe. Mimi nitashona pembe zake zote, zile za khanga, na pindo, kisha Ezron atakuletea ushone katikati, kuunganisha vipande vya juu, pamba ya ndani na kitambaa cha chini. Chaki ameichora yeye, mimi nikimwelekeza kwa mbali. Fuata chaki tu. Uzi usizidi urefu wa mkono wako, ukizidi unajifunga. Anza na fundo, malizia na fundo.

Nisamehe, Baba, kumfundisha mzee wa kanisa kushona. La khanga limekwisha. La kaki limebaki pindo moja.

Mkweo,
Sekela

Lufingo, 27 Juni 1993

Mkwe wangu,

Baridi ya huku inang'ata, lakini tupo. Natumaini nanyi mnaota moto.

Umenipatia kazi! Kipande cha kwanza nilikishona vizuri sana, nikaridhika, nikasimama, blanketi likasimama nami. Nilikuwa nimelishona pamoja na suruali niliyoivaa. Wenzangu wa baraza la kanisa walinikuta hivyo. Sitakuandikia walichosema.

Kufumua na kuanza upya kumenichukua wiki mbili. Mishono yangu ni nyayo za kuku, ya Agness iko pembeni yake imenyooka, inanisuta. Wakati mwingine naweka sindano chini nakaa tu naitazama. Sikujua alikuwa na mkono mzuri hivyo. Miaka arobaini nililala chini ya kazi yake sikuwahi kuitazama.

Beatrice alinikuta, akasema, "Baba, umerogwa?" Nikampa sindano anitungie uzi, maana tundu silioni. Alitunga amenuna. Sasa anakuja kila asubuhi kutunga, bado amenuna. Vimebaki vipande vinne. Sikukuu ya Mavuno ni Agosti 29. Mungu akipenda, yote matatu yatakuwa kwenye kamba mbele ya kanisa, watu wayaone.

Baba mkwe wako,
Ambindwile

Makandana, 31 Agosti 1993

Baba,

Shikamoo. Hatujambo, na leo siwezi kukaa kimya.

Juzi kwenye Mavuno nilikuwa nyuma ya mablanketi, kama inavyonipasa, nikisikia watu. Mama mmoja akauliza hayo yametoka nchi gani. Beatrice akamjibu, tena kwa sauti, "Ulaya gani? Ni ya mama yangu, na wifi yangu, na baba!" Wifi Beatrice, Baba! Nilikaa chini kwenye majani.

Kisha mvua ikaja ghafla, wote wakakimbilia barazani. Mimi ningekimbia pia, lakini lile la tatu lilikuwa limebaki kambani, lingelowa. Nikashika pindo la khanga upande wangu. Nikasikia kikohozi upande wa pili. Miguu ikaniambia migombani, mikono ikakataa. Nikaona vidole vyako juu ya kamba, kimoja kimefungwa kitambaa. Ukasema, "Shika vizuri, lisiguse matope." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Tukalishusha, nawe ukaliinua juu kati yetu mpaka Beatrice akalipokea katikati, wewe ukageuka, mimi nikageuka. Halikupata hata tone la matope.

Tangu jana akina mama sita wamebisha hodi na mafurushi ya vitambaa vyao vya zamani, wanataka niwafundishe. Hakuna aliyeniita Mama Vifungo. Nimeipaka cherehani mafuta. Nina furaha, Baba, mpaka Ezron ananiuliza kama ni mimi.

Mkweo,
Sekela

Lufingo, 5 Septemba 1993

Sekela mwanangu,

Ndaga fijo. Asante sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho Beatrice akinisikiliza.

Wazee waliniita Alhamisi. Mmoja alitusikia kwenye ile mvua, akasema mzee wa kanisa amemsemesha mkwewe hadharani, nijibu. Nikawaambia hamkusikia vizuri, mimi nilikuwa nasema na blanketi. Wakatazamana, na yule wa tatu, mwenye neno la uzi, ndiye aliyeanza kucheka.

Basi, Jumamosi nitalianika tena, kwenye kamba iliyo kati ya jiko na migomba. Njoo mapema ukae upande wako. Nina mambo ya miaka kumi na saba ya kuliambia blanketi hilo.

Baba yako,
Ambindwile