Mjane wa Bwana Randa

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Ukishindwa, basi soma peke yako na usimwambie mtu neno hata moja, padri wala mke wako. Nina kazi moja na mama mmoja.

*Jumatatu, 4 Juni 1934*

Baridi kali. Vidole vilikuwa vigumu kwenye mashine. Nimepiga barua tisa kabla ya saa nne. Kisha likaja faili la baba.

Ofisi yetu inatunza mali za Wazungu wanaofia hapa Élisabethville mpaka ndugu zao wazichukue. Nilijua litafika. Wiki tatu nimelingoja. Bwana Mkubwa alisoma, mimi nikapiga. Mwingereza, seremala. Mke: hakuna. Watoto: hakuna. Nakala tatu. Sikukosea hata herufi moja. Najichukia kwa hilo.

Ofisini nimeandikwa kwa jina la mjomba. Rangi nimemfuata mama, nywele nanyoa. Bwana Mkubwa ametoka Ulaya mwaka jana tu. Hakuna Mzungu wa ofisini anayejua. Wakijua, watasema niliingia hapa ili niibe mali ya marehemu. Na mwaka huu makalani wanafukuzwa hata bila sababu.

*Jumatano, 6 Juni*

Mama bado amekaa kwenye mkeka, nyumbani kwa mjomba. Nyumbani kwetu askari walitutoa siku ya tatu ya msiba, wakatia lakiri mlangoni.

Haogi kwa sabuni. Hapiki. Habebi mtoto wa jirani. Kwao, kwa Balamba, mjane anabaki na kifo mwilini mpaka ndugu wa marehemu amfunge ushanga mweupe mkononi. Mimi sifai. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Lazima awe mtu wa damu ya baba.

Nilimwambia damu ya baba iko ng'ambo ya bahari. Akasema atangoja.

*Ijumaa, 8 Juni*

Si ng'ambo. Telegramu imefika: mdogo wake baba yuko Bulawayo, anakuja kwa treni ya Jumanne. Nilifanya kosa la kumwambia mama.

"Baba yako mudogo," akasema. "Utamuleta hapa."

Nikasema sithubutu.

"Weye iko kalani ao iko panya?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

*Jumapili, 10 Juni*

Misani sikusali. Nilimfikiria baba tu.

Alitoka mji wa mvua na moshi, kaskazini ya Uingereza, akiwa na umri wangu. Alisema alipanda meli mpaka Cape, halafu treni, na aliamua kushuka pale kazi itakapopatikana. Ikapatikana hapa, mji ukiwa bado mahema na miti. Watu walimwita Bwana Randa kwa sababu randa haikutoka mkononi mwake. Alimwoa mama kwa mahari, kama mtu yeyote. Alikaa chini na wajomba, akala bukari, ugali wetu, ikiwa ya moto, akaungua vidole, na mpaka leo wanamcheka. Wazungu wenzake walimshauri amweke mama nyuma, jikoni. Alimweka barazani, mbele ya njia, kila mtu aone. Kazi nzuri zikaacha kuja. Hakujali, au alituficha kama alijali. Alikuwa akiimba vibaya sana. Kiingereza alinifundisha kwenye karakana, mimi nashika ubao, yeye anapima, na sentensi nikiikosea anaacha kupima mpaka niirudie.

Alikufa kwa homa katika hospitali ya Wazungu. Mama alisimama nje ya ua siku nne. Hakuna aliyemwita. Sitawasamehe. Mimi pia sijisamehe. Siku zile nne nilikwenda kazini.

*Jumanne, 12 Juni*

Amefika. Ana masikio ya baba. Sikuwa tayari kwa hilo.

Bwana Mkubwa hajui Kiingereza, akanisukuma mbele nifasiri. Mgeni alinisikiliza, kisha akauliza:

"Nani amekufundisha kusema hivyo? Hivyo wanasema watu wa kwetu tu."

Nikajibu: mafrere, watawa wa shule ya misioni.

Bwana Mkubwa akataka kujua tunasema nini. Nilipomfasiria akapiga meza. "Kumbe kalani wetu ni Mwingereza!" Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka nao. Nilimkana baba mbele ya ndugu yake, nikacheka.

Nyumbani nilimwambia mama treni imechelewa.

*Jumatano, 13 Juni*

Mama hakuniuliza kitu. Ni afadhali angeuliza.

*Alhamisi, 14 Juni*

Mama alikuja ofisini. Miguu mitupu, kutoka site, mtaa wetu Waafrika, mpaka mjini kwa Wazungu, ushanga umefungwa kwenye ncha ya kitambaa. Mgeni alikuwa barazani akitia saini karatasi za mwisho. Bwana Mkubwa alisimama mlangoni.

Mama alipiga magoti mbele ya mgeni. Akanyoosha mkono. Maneno ya ushanga husemwa kwa Kilamba, na Kilamba hakuna pale aliyekisikia ila mimi. Alisema: mimi ni mke wa ndugu yako, nitoe katika kifo chake, nikae tena na watu.

"Anasema nini?" mgeni akauliza. Bwana Mkubwa naye akauliza. Wote wawili walitazama mdomo wangu.

Nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa: huyu alikuwa anamfulia marehemu nguo. Kwao ni desturi mtumishi afungwe ushanga na ndugu wa tajiri wake, ndipo aweze kupata kazi kwingine.

Mgeni aliona haya kidogo. Akainama akafunga. Vidole vyake ni vizito. Fundo lilimponyoka mara mbili. Akamwambia pole. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

Kisha akainuka akarudi zake. Sikumsindikiza hata mpaka barabarani.

*Ijumaa, 15 Juni*

Mgeni ameondoka na saa ya baba, na randa, na masanduku mawili. Niliandika orodha. Bwana Mkubwa amenisifu kwa kazi safi.

*Jumapili, 17 Juni*

Mama ameoga kwa sabuni. Amepika, mara ya kwanza tangu msiba. Jirani amemletea mtoto, akambeba mpaka akalala. Nilidhani mambo yamekwisha.

Alipokuwa anaosha sahani alisema, bila kuinua macho:

"Baba yako alikuwa anafula manguo yake yeye mwenyewe."

Miaka ishirini na mmoja na Mwingereza, nami sikufikiri kwamba anasikia Kiingereza. Alijua ninasema nini pale barazani, na bado mkono hakuurudisha. Alimaliza sahani. Akanimiminia chai.

Nimemwandikia baba mdogo. Anwani yake ya Bulawayo naijua kutoka kwenye faili. Nimeeleza yote, pamoja na uongo wangu, nikatia saini kwa jina la baba, kama mwanawe. Kesho naipeleka posta kabla ya kazi. Chini ya barua nimeandika hivi:

Ukishuka stesheni, usifuate njia ya mjini. Fuata reli kwa miguu mpaka soko la site. Waulize akina mama wanaouza unga. Wote wanaijua nyumba tunamokaa. Njoo Jumapili baada ya misa, tunakuwapo wawili. Barua itume misioni kwa jina la mama. Ofisini usiniulize. Huko ninatumia jina jingine.