Ngiri za Watoto wa Upinzani

Baba,

Habari za huko sikuulizi, maana hata ulipokuwa hai hukupenda kuulizwa. Za huku Misunkumilo ni hizi: mvua imechelewa, paa la banda la nguruwe limezibwa, na Upinzani tumemchinja.

Najua umekasirika. Dume uliyembatiza Upinzani mwaka ule wa vyama vingi, kwa kuwa alikuwa hakatazwi jambo, leo kitimoto! Ngoja nikueleze.

Unakumbuka watoto wa nguruwe waliokuwa wanapata ngiri ya kitovu, ule uvimbe laini tumboni, ukiubonyeza unarudi ndani. Ulisema ni Mama. Eti anavuta vitovu akizalisha. "Mikono yako mizito hiyo ikae jikoni," ulimwambia mbele ya wageni, ukampiga marufuku bandani. Mama akaenda kuchambua mboga. Mpaka tunakuzika hakukanyaga tena mle.

Baada ya msiba, jike la Mama Skola wa Magamba lilizaa. Akaniita nikachague mtoto wetu, kama ulivyozoea: mtu akileta jike lake kwa Upinzani, malipo yako ni mtoto mmoja wa kike, yule mnene kuliko wote. Nikawageuza wale watoto matumbo juu. Ngiri zilezile! Nikauliza nani kazalisha. "Nani tena? Limejizalia lenyewe, mimi niko shamba." Mama hajawahi kufika kwa Mama Skola, Baba.

Nikamuuliza bwana mifugo. Akasema zipo ngiri zinazotokana na uchafu wa kitovu, ila hii yetu inaelekea kutembea kwenye damu. Dume anaweza kuwa mzima kabisa na bado akairithisha. Akauliza, majike yenu mmeyatoa wapi? Yote yalitoka kwa majirani, huko Magamba na Kawajense, ndiyo hayo malipo yako. Yaani yote ni mabinti wa Upinzani, na wewe ukawa unawapandisha na baba yao, wakizaa, mabinti wao nao unawapandisha na yeye yule yule. Ulijiona mjanja, mzee wangu. Hata mimi nilikuona mjanja.

Basi. Mabinti wake tunawanenepesha wawe nyama, na tumeleta dume na jike kutoka Sumbawanga, wasio na undugu na nguruwe yeyote wa hapa wala wao kwa wao. Jike lina mimba. Nimemwomba Mama alizalishe yeye, amesema ataona.

Nilimweleza yote ya bwana mifugo. Akaendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Angekuwepo baba yako akasikia mwenyewe." Hapo roho iliniuma, Baba. Nakupenda, na nimekukasirikia kweli kweli.

Jumapili nakuja kupalilia kaburi. Mama nimemwambia twende wote, amesema bado. Sitamlazimisha, hayo ni yenu nyie wawili.

Nakuahidi jambo moja. Wale wageni wote waliosikia siku ile nitawapitia nyumba kwa nyumba, niwaambie haikuwa mikono ya Mama. Nimeanza na wewe.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Festo